Maktaba ya mlango wa bluu, Mtoni kwa Azizi Ally: nyota nne, ya tano naishikilia kwanza

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka kituo cha daladala cha Mtoni kwa Azizi Ally, hapa Dar es Salaam, na watu hawanitegemei niandike habari za vitabu. Lakini maktaba hii nimeitumia miezi kumi na minne sasa, na mama yangu mzazi anaitumia kuliko mimi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho, sikusimuliwa. Jina la maktaba silitaji. Mengine nitakayoyasema hayapendezi, na wale wanaoiendesha ni majirani zangu, tena nguo zao nazishona mimi. Wa huku kwetu wataijua kwa mlango wake wa bluu.

Ni vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya saruji. Hadi leo ukipiga kitabu cha shelfu ya chini, vumbi la kijivu linatoka. Feni moja, meza tatu, mabenchi ya shule yaliyokatwa miguu ili watoto wayafikie, na kona ya mkeka ambako viatu haviingii. Kusoma humo humo ni bure. Kuazima unalipa elfu mbili kwa mwaka na unaleta barua ya serikali ya mtaa au kitambulisho. Hakuna anayelipwa mshahara pale. Kuna kamati ya watu watano, kuna vijana wanaojitolea zamu kwa zamu, na kuna washauri wawili: mmoja mzee wetu wa hapa hapa, mwingine alikuwa mgeni kutoka nje, alikaa wiki tatu akaondoka. Nitawafikia wote.

Niseme kwanza kwa nini nilikwenda, maana sikufuata vitabu. Nilimfuata mama.

Mama alizaliwa Usukumani, ng'ambo ya Mwanza, kwenye pamba. Alisoma kisomo akiwa ameshaolewa, wakati ule Mwalimu alipoutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Huko Kanda ya Ziwa kulikuwa na mradi mkubwa uliosaidiwa na UNESCO, wakulima wakijifunza herufi kwa vitabu vya kazi zao wenyewe. Waliolima ndizi walisoma ndizi, wafugaji wakasoma ng'ombe, na mama akasoma pamba. Mpaka leo anakumbuka sentensi za kupanda kwa mstari. Mwaka 1975 ulipofanyika mtihani wa taifa wa kisomo akafanya, akafaulu, akapewa cheti. Kile cheti nilikikuta ndani ya sanduku la bati siku tulipokuwa tunahamisha vitu vyake kumleta Dar, kimekunjwa mara nne. Nikampa akisome. Akakigeuza geuza, akanirudishia, akasema, "Mwanangu, ilishanitoka."

Hilo neno liliniuma. Mtu alisoma, akapewa cheti na serikali, halafu kusoma kukamtoka kama maji kwenye ungo, kwa sababu baada ya kile kitabu cha pamba hakuna kingine kilichofika nyumbani kwake. Nikadhani ndiyo basi, umri umekwenda. Kilichonipeleka mlango wa bluu ni tangazo lililobandikwa kwa gundi kwenye nguzo ya umeme mbele ya kibanda changu: watu wazima, Jumanne na Alhamisi, saa 9 alasiri, kusoma na kuandika, bure.

Siku ya kwanza nilimwingiza mama nikiwa na aibu kidogo, maana wanaopokea pale ni vijana. Binti wa zamu akainuka, akamwamkia "Shikamoo, bibi," akamvutia kiti. Nikategemea ampe daftari na a, e, i, o, u. Hakumpa. Alimleta mzee mmoja mwenye kofia ya mkono na kalamu mbili mfukoni mwa shati, ambaye watoto wote wanamwita Babu Maktaba. Huyu ndiye mshauri niliyemtaja. Alisomea ukutubi Bagamoyo, kwenye kile chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka, akafanya kazi ya maktaba mpaka akastaafu. Kwenye kamati amekataa kila cheo alichopewa. Anasema yeye ni wa kushauri, na mshauri akipewa funguo anageuka bosi.

Babu akatoa boksi la viatu. Ndani mna miwani ya kusomea ya kila namba, ile inayouzwa Kariakoo mezani. Akamvalisha mama moja, akamwekea kadi yenye maandishi makubwa, akamvua, akamvalisha nyingine. Ya tatu mama akasema, "Haa." Nilidhani amechomwa na kitu. Kumbe ameona. Babu akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mtu akivuka miaka arobaini macho yake ya karibu yanaanza kuchoka, na wengi wanaokuja kusema wamesahau kusoma hawajasahau kama wanavyofikiri, hawaoni tu. Kwa hiyo pale kwao miwani inatangulia, herufi zinafuata. Mimi natunga uzi kwenye sindano kila siku kwa kukunja uso, na hilo halikuwahi kunijia kichwani! Na mimi nikajaribiwa. Na mimi ninayo sasa.

Jambo la pili waliloniweza ni kanga. Darasa la watu wazima lilikuwa na vitabu vya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) vya darasa la kwanza, vya watoto, vyenye picha za mpira na paka. Bibi mmoja wa Tandika alikifunga chake akasema hakuja kusoma habari za paka. Babu hakubishana naye. Juma lililofuata wale vijana wakamwambia kila mama aje na kanga yake. Fikiria: mwanamke amevaa maandishi kiunoni miaka hamsini. Maneno anayajua, aliyachagua mwenyewe dukani, au alipewa na wifi yake akajua fika kwa nini amepewa. Kwa hiyo unamwekea kidole chini ya neno, anasoma kitu ambacho kichwa kinakijua tayari, na jicho linaunganisha. Mama alianza na "Wema hauozi." Yule wa Tandika alikuja na "Hasidi hana sababu," darasa zima likacheka, maana walijua anamsema nani.

Hapo na mimi nikaingia kazini. Nina vipande vya kanga vya kila namna, mabaki ya magauni. Kanga ina pindo, ina mji wa katikati, ina jina, yaani yale maneno, na fundi akikata gauni mara nyingi jina ndilo linalobaki, kwa sababu mteja hataki maneno yamkae begani. Nilikuwa nayatupa au natengenezea vishikio vya sufuria. Sasa nayapeleka maktaba, nayapiga upindo yasifumuke, na yametundikwa ukutani kwenye kamba kama nguo zilizoanikwa. Nadhani yamefika sitini. Wanafunzi wanachukua moja moja wanakwenda nalo nyumbani kujisomea. Kwa huduma hii peke yake ningewapa nyota tano bila kufikiri.

Sasa tuje kwenye vitabu vyenyewe, kwa sababu hii ni maktaba na mtu atauliza.

Nilipofika mara ya kwanza shelfu zilikuwa zimejaa hadi darini, nikavutiwa. Kumbe nusu ya ile shehena haikuguswa na mtu tangu ishushwe. Ilikuwa msaada wa kutoka ng'ambo: mwongozo wa kompyuta za zamani kabisa, vitabu vya kodi za Marekani, riwaya sehemu ya tatu bila ya kwanza na ya pili, na vitabu vya watoto vizuri sana vyenye theluji, bata mzinga na watoto wenye glavu. Sina ugomvi na theluji. Lakini mtoto wa Mtoni anayejikongoja na Kiswahili cha darasa la pili, ukimpa hicho, anatazama picha tu na kukirudisha.

Babu alitaka vipunguzwe. Kwenye kazi yao wanaita kupalilia, sawa na shambani, na anasema maktaba isiyopaliliwa magugu yanameza mahindi. Kamati ikagoma. Mwenyekiti alikuwa na hoja yake na siidharau: mfadhili akija akakuta vitabu vyake havipo, kesho haleti tena. Mvutano ulikwenda miezi mitatu. Tuliokuwa tunaingia na kutoka tuliusikia kupitia ukuta. Mwisho walifanya jambo la busara. Kila kitabu kilitiwa karatasi nyuma, na kila kikiazimwa au kusomwa hapo ndani kinapigwa alama. Miezi kadhaa ikapita, visivyo na alama hata moja vikatolewa. Vichache vikaenda shule ya sekondari kwa somo la Kiingereza, vilivyobaki nilivikuta kwa muuza karanga, na sikuona dhambi.

Shelfu zikabaki na nafasi, na sasa unaona kilichopo. Vitabu vya watoto vya Kiswahili vilivyoandikwa hapa hapa ndivyo vinavyochakaa kuliko vyote. Nimeambiwa vingi vya aina hiyo vilitokana na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, uliokuwa unawasaidia waandishi na wachapaji wa Tanzania wapate kutoa vitabu na kuvifikisha shuleni. Vyetu vimeshonwa migongo mara mbili, na mshonaji ni mimi, kwa uzi wa viatu. Vingine vinavyogombaniwa: mitihani iliyopita ya darasa la saba na kidato cha nne, vitabu vya ufugaji wa kuku, na chochote chenye mashairi. Nilishangaa kuhusu mashairi. Madereva wa bodaboda wanaoegesha hapo nje ndio wanaoyaazima.

Upangaji wao nao una kisa. Babu alipanga kwa namba za Dewey, ule mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, kama Maktaba Kuu: 500 sayansi, 600 kilimo na ufundi, 398 hadithi za mapokeo, na fasihi ya Kiswahili huko mbali kwenye 896.392. Kwa mkutubi ni sawa. Kwa mtoto wa miaka tisa anayetaka hadithi ya sungura, namba yenye nukta ni mlango uliofungwa. Vijana wakamwomba Babu waongeze rangi juu ya namba. Akafikiri siku mbili, akakubali. Vile vitambaa vidogo vilivyogundishwa kwenye migongo ya vitabu ni vya kwangu pia: kijani hadithi, nyekundu masomo ya shule, njano kazi za mikono na kilimo, bluu dini. Mwanangu wa mwisho anarudisha kitabu mahali pake bila kuuliza mtu.

Mshauri wa pili ndiye yule mgeni. Alikuja kwa kujitolea, mtu mwema, mchapakazi, Kiswahili chake cha "jambo" tukamvumilia. Alileta kompyuta mpakato mbili akaweka Koha, programu ya kuorodhesha na kuazimisha vitabu, ambayo ilianzia New Zealand na inatumika bure kwenye maktaba nyingi duniani. Kwa wiki tatu vijana waliingiza vitabu usiku na mchana. Siku ya kuaga tukapigwa picha, kitabu kikaazimwa kwa mashine, tukashangilia.

Halafu umeme wa LUKU ukaisha siku ya Jumamosi. Halafu kompyuta moja ikaingia maji ya mvua. Halafu kijana mmoja aliyekuwa peke yake na nywila akapata ajira ya ualimu Dodoma, akaenda na nywila yake kichwani. Akipigiwa simu anasema aliiandika mahali, atatafuta. Wiki ya pili baada ya hapo nikaona kaunta buku limerudi mezani, lile jekundu lenye jalada gumu, na rula, na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Jina, kitabu, tarehe, sahihi. Halijawahi kukatikiwa na umeme. Simlaumu mgeni kwa mvua. Namlaumu aliyepanga kwamba kazi ya wiki tatu ishikwe yote na mgeni na kijana mmoja, wakati Babu amekaa pembeni na hakuulizwa hata siku moja wanaazima wangapi kwa juma. Ni kama kunishonea suti bila kunipima, eti kwa sababu kitambaa ni cha gharama.

Sasa lawama, maana nilisema nyota ni nne.

Ya kwanza ni ufunguo. Mlangoni pameandikwa kwamba wanafungua saa 3 asubuhi mpaka saa 11 jioni, Jumatatu mpaka Jumamosi. Ukweli ni kwamba ufunguo ni mmoja, anao katibu, na katibu anatoka Mbagala. Barabara ya Kilwa ikigoma, maktaba imegoma. Nimeshawakuta watoto wamekaa kizingitini Jumamosi tatu tofauti, mara moja mpaka saa 5. Nimewaambia mara mbili kwamba kuchonga ufunguo pale Tandika ni kazi ya dakika kumi. Wakasema italetwa kwenye kikao. Kikao cha ufunguo!

Ya pili ni shughuli. Mwenyekiti wetu anapenda mgeni rasmi. Mwaka jana tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani, walikodi turubai, viti vya plastiki na muziki. Ili viti viingie, shelfu za watoto zikasukumwa ukutani na vitabu vikafungiwa kwenye viroba siku nne. Siku ya kusoma duniani, na hakuna aliyesoma. Mama alivaa kanga mpya, akakaa mstari wa pili akingoja aitwe asome mbele ya watu kama alivyoahidiwa. Hotuba zikapitiliza, jua likazama, hakuitwa. Alirudi nyumbani akiwa kimya. Kesho yake katibu alikuja kibandani kuomba radhi, na radhi nikaipokea, ila hapa nimeiandika.

Ya tatu si kosa la mtu, lakini inaumiza. Vijana wanaojitolea karibu wote ni wahitimu wanaosubiri ajira. Wanapewa nauli, siku nyingine hata nauli hakuna. Ajira zikitoka wanaondoka, na nani atawazuia? Binti aliyemfundisha mama kanga yuko Singida sasa. Kabla hajaondoka alimwandikia mama barua, ya mkono, kwa herufi kubwa zilizoachana, mstari mmoja mmoja. Mama alikaa nayo jioni nzima na hakukubali nimsaidie neno hata moja. Lakini aliyekuja baada ya yule binti alianza tena na paka na mpira, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameandika popote jinsi darasa linavyoendeshwa. Babu ndiye aliyemweka sawa, na Babu ana miaka sabini na kitu. Niliwaambia kamati: mimi nikiwa na mwanafunzi kibandani namwachia ruwaza za karatasi, ili siku nikiugua shati lishonwe. Hili walilisikia. Kuna daftari jipya droo ya juu, limeandikwa "Jinsi tunavyofanya", na kurasa kumi na moja zimeshajaa.

Kuna atakayeuliza kwa nini nisiende Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Naenda. Jengo lile Mwalimu alilifungua tarehe 9 Desemba 1967, na ukipanda zile ngazi unajua umeingia kwenye nyumba ya vitabu, kimya chake ni cha namna yake na wingi wa vitabu huwezi kuulinganisha na stoo yetu ya saruji. Mwanangu wa kidato cha tatu anajisomea kule. Lakini kwa mama ni daladala mbili na magoti mabovu. Jiji hili lina watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022, hatuwezi sote kupanda ngazi zile zile. Babu huwa anasimulia kwamba mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima nchini hawakujua kusoma, na kufika 1986 serikali ilihesabu hawazidi mmoja kati ya kumi. Halafu ananyoosha kidole kwa mama anasema, "Huyu alihesabiwa kwenye wanaojua." Mama anajibu, "Na sikuwa najua." Wanacheka wawili, sisi wengine tunatazamana.

Kwa anayetaka kwenda: Jumanne na Alhamisi alasiri ndiyo siku nzuri kwa mtu mzima, na hizo siku mlango unafunguliwa kwa wakati kwa sababu kina bibi wakifika wakakuta umefungwa wanampigia katibu simu mpaka anazima. Jumamosi asubuhi nenda na subira. Chenji ya elfu mbili uwe nayo. Miwani usinunue kwanza, jaribu ya kwenye boksi ujue namba yako. Ukileta vitabu vya msaada watakuuliza vya nini na vya nani kabla hujavishusha, usikasirike. Na kile kiti cha dirishani chenye mto wa kitenge, mto huo niliushona mimi, na anayekikalia ni mama. Sasa hivi ana kitabu cha ufugaji wa kuku ambacho amechelewa kukirudisha siku tisa. Kuku hana hata mmoja. Faini ni shilingi hamsini kwa siku, amesema atalipa akimaliza ukurasa wa ugonjwa wa mdondo.